Kipya Kinyemi

Wahenga walituachia methali mbili ambazo kwa miaka mingi nilishindwa kuzipatanisha. Moja yasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nyingine yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya kwanza inamwambia mtu ashike alicho nacho maadamu kinamfaa. Ya pili inamwonya asingoje mpaka kiharibike. Nilipokuwa mwalimu nilizifundisha zote mbili kwa siku tofauti, na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza afuate ipi. Aliyenilazimisha kuchagua alikuwa fundi wa magari mjini Dodoma, mwaka 1991, mbele ya ekseli mbili za Land Rover zilizofunguliwa na kutandazwa juu ya magunia.

Gari lenyewe lilikuwa la mwaka 1968, lile refu, nililolinunua mnadani kwa akiba ya miaka mingi. Lilikuwa linavuja mafuta kwenye magurudumu yote manne. Tulifungua kwa nia ya kubadilisha oili sili tu. Lakini kila aliyewahi kufungua chombo kikuukuu anajua kinachofuata. Vyuma vyote vikawa mbele yetu: beringi, hafu shafti, difu pamoja na krauni na pinio yake. Vyote vilikuwa vimechakaa kiasi, na vyote vilikuwa vinafanya kazi.

"Maadamu tumeshafungua, Mzee, tuweke vipya vyote," nikasema.

Fundi akanitazama. "Mwalimu, hiki chuma kimekukosea nini?"

Ili msomaji asinione mpumbavu, nieleze tulikotoka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi yetu iliishiwa fedha za kigeni, na spea zikawa adimu kama mvua ya kiangazi. Magari mazima yalilala juu ya mawe kwa kukosa kifaa kidogo. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na taratibu rafu za maduka zikaanza kujaa tena. Mtu aliyeshinda na njaa akiona chakula hali kwa kiasi. Mimi niliona beringi mpya dukani, ndani ya boksi lake linalong'aa, nikanunua kabla sijajua kama naihitaji.

Na Land Rover yenyewe ilizaliwa kutokana na taabu hiyo hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia Jeep iliyobaki vitani katika shamba lake huko Anglesey. Jeep ikachakaa, na spea zake zilikuwa taabu kupatikana. Swali likawa, hii ikifa utanunua nini? Jibu lilionyeshwa kwa watu Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Fundi wangu hakuwa mbishi wa bure. Alizisafisha beringi kwa mafuta ya taa, akazikausha, akazizungusha karibu na sikio. Alitazama kama kuna vishimo juu ya vyuma vinavyobiringika, au rangi ya buluu inayoonyesha kwamba chuma kiliwahi kuungua. Beringi hizi ni za aina aliyoipatia hataza Mmarekani Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi, mwaka 1898: vyuma vyake ni vyembamba upande mmoja, hivyo hubeba uzito wa gari na pia msukumo wa kona. Akanionya nisichanganye beringi mpya na bakuli lake la zamani, kwa kuwa viwili hivyo huvaana. Krauni na pinio alikataa kabisa kuzigusa. Meno yale yalikuwa yamesagana kwa zaidi ya miaka ishirini kama mke na mume, alisema, na ukimleta mgeni katikati yao lazima upange upya nafasi zao kwa vipande vyembamba vya bati, na ukikosea kidogo difu italia mpaka ife.

Tukasuluhishana. Oili sili zote mpya, kwa sababu mpira huzeeka hata ukikaa bure. Hafu shafti alizikagua akasema ni nzima, zibaki. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeshanunua beringi za gurudumu moja, nilisisitiza zitiwe nyuma kushoto. Kulia zikabaki tulizozikuta.

Miezi miwili baadaye nilikwenda Kondoa kumchukua mama yangu, aliyekuwa mgonjwa, nimlete hospitali Dodoma. Tulipokuwa njiani kurudi nilisikia harufu ya grisi inayoungua. Niliposimama, gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelala upande na linafuka moshi. Beringi ilikuwa imesagika kama unga, na mhimili uliokuwa ukiibeba umechubuka vibaya. Mama alikaa chini ya mbuyu saa sita, amejifunika khanga, mpaka lori likapita likatuchukua. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, punda wangu hajawahi kunilaza njiani." Alitibiwa, akapona, akaishi miaka mingi. Lakini yale masaa sita hayajanitoka.

Mpaka leo sijui kama beringi ile ilikuwa ya bandia au nati yake ilikazwa kupita kiasi siku tulipoifunga. Naona majibu yote mawili yanafika mahali pamoja: tulipeleka mikono yetu pasipokuwa na ugonjwa.

Miaka mingi baadaye, katika kusoma historia, nilikuta kwamba wakubwa zaidi yetu walikwisha kujikwaa hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia C. H. Waddington alikuwa miongoni mwa wataalamu waliochunguza ndege za Uingereza zilizolinda bahari. Ndege hizo zilifunguliwa na kukaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Ungetazamia ziharibike zaidi saa hizo zinapokaribia kutimia. Ikawa kinyume: hitilafu zilikuwa nyingi zaidi mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikapungua. Mwaka 1978, Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United Airlines la Marekani waliandika kwamba asilimia 89 ya vifaa walivyovichunguza havikufaidika kwa kuwekewa umri wa kung'olewa, na asilimia 68 vilikuwa na hatari zaidi vikiwa vipya. Ndege ya DC-8 ilikuwa na vifaa 339 vya kufunguliwa na kufanyiwa ukarabati kwa ratiba. DC-10, iliyokuja baadaye, ilikuwa na 7 tu.

Basi mbachao umeshinda? Hapana, msomaji. Mwaka 1993, nikipanda kilima chenye mawe, nilisikia mlio kama wa bunduki, na magurudumu ya nyuma yakakosa nguvu. Hafu shafti, ile ile aliyosema fundi ni nzima, ilikatika kwenye meno yake. Tulipoitazama tukaona meno ya kile kipande yalikuwa yamejipinda kidogo, jambo ambalo angeweza kuliona kama angeliweka sambamba na rula. Yeye mwenyewe alikiri. Ufa ulikuwapo, naye hakuuziba.

Lakini angalia tofauti. Katika gari lile uzito wa gurudumu hubebwa na beringi, si shafti. Nilifungua boliti sita, nikachomoa kipande, nikatia gia ya magurudumu ya mbele, nikafika nyumbani kabla ya magharibi. Shafti iliyovunjika ilinigharimu mchana mmoja. Beringi iliyovunjika ingeweza kunigharimu mzazi.

Hapo ndipo nilipozipatanisha zile methali. Nilikuwa nikiuliza kifaa kina umri gani, kumbe swali ni kikishindwa kitatuacha wapi. Kinachoweza kukuua, kipime kwa macho na kwa rula. Kikionyesha dalili ya ugonjwa, kibadilishe bila huruma, kwa kifaa unachokijua kilikotoka. Kinachoweza kukuchelewesha tu, kiache kifanye kazi, na ubebe kingine chini ya kiti. Na kilicho kizima, ambacho ushahidi wake ni maelfu ya maili, usikifukuze kwa sababu tu umekikuta mlango ukiwa wazi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nami kidonda hicho nilikinunua kwa fedha yangu mwenyewe.

Gari lile niliuza mwaka 2003. Aliyelinunua aliniuliza kama beringi za nyuma ni mpya. Nikamwambia za kushoto zimebadilishwa mara mbili. Za kulia tulizikuta humo.