Mguu wa Marius, Soksi ya Jobst

Mchuuzi wa soko la Buyenzi husimama, mwalimu husimama, kinyozi husimama. Ikifika magharibi mguu ni mzito, unawaka moto, na mishipa imetuna chini ya ngozi. Waliozaa mara nyingi ndio huteseka zaidi. Bujumbura haiko peke yake katika hili, wala maradhi yenyewe si ya leo.

Tiba ya kale ilikuwa kisu. Plutarch anasimulia kwamba Gaius Marius, jemadari wa Roma, alikataa kufungwa kamba, akamwachia tabibu mguu mmoja bila hata kuguna. Alipotakiwa kutoa wa pili, akasema faida yake haifikii maumivu. Nani atamlaumu? Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, huko Andalusia, Abul Qasim az-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, aliandika namna ya kuuchana mguu, kuufunga mshipa kwa uzi na kuuvuta nje. Wanaodhani upasuaji ulianza na Wazungu wamsome huyo.

Chanzo kilichelewa kujulikana. Ndani ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, mna vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Fabricius wa Padua alichapisha michoro ya vilango hivyo mwaka 1603. Vikilegea, damu hutuama. Mpasuaji Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, alilithibitisha hilo kwa kidole tu: mgonjwa analala, mguu unainuliwa hadi mishipa inywee, mshipa unabanwa juu ya paja, kisha anasimama. Kidole kikiachia, mishipa inajaa kuanzia juu. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wajerumani wenzake wakiwa mbioni kuitwaa nchi hii ya Burundi, yeye alikuwa akiufunga mshipa huo pajani.

Aliyetufaa zaidi, kwa maoni yangu, hakuwa daktari. Conrad Jobst, mhandisi wa Toledo, Marekani, alikuwa na vidonda vya miguu visivyopona. Akagundua kwamba akisimama ndani ya bwawa la kuogelea anapata nafuu, kwa kuwa maji hukandamiza zaidi kadiri unavyoshuka. Ziwa Tanganyika lingemfundisha vivyo hivyo, kama viboko wangemruhusu. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa akitengeneza soksi zinazobana sana kifundoni na kulegea kuelekea gotini.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mshipa unazibwa kwa joto kutoka ndani, kwa leza au mawimbi ya redio, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ni tiba nzuri, lakini ni ya mashine ghali. Soksi haiponyi vilango vilivyolegea, ila hupunguza uvimbe na husaidia kidonda kufunga.

Usijinunulie ovyo, hasa ukiwa na kisukari: daktari apime kwanza kama damu inafika vizuri miguuni. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Nenda hospitali siku hiyohiyo.