Jua Likipatwa: Toka Madina hadi Jinja na Mbale

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013, baada ya swala ya Alasiri, mwezi ulipita mbele ya jua. Pakwach, kaskazini magharibi mwa Uganda, jua lilizibwa lote kwa sekunde 20 hivi, kama saa 11 na dakika 20 jioni. Huku kwetu mashariki, Jinja na Mbale, lilizibwa sehemu kubwa tu, likabaki jembamba mfano wa hilali. Siku kama hiyo watoto huuliza: je, ni mkosi? Kuna mtu mkubwa amekufa? Swali hilo ni la zamani, na historia imelijibu mara mbili, kwa namna mbili tofauti.

MFALME ALIYEKIMBIA

Wazee wa Ankole wanasimulia kuwa Olimi, mfalme wa Bunyoro, aliivamia Nkore akateka ng'ombe wengi. Akiwa njiani kurudi kwake, walipofika Biharwe, karibu na mji wa leo wa Mbarara, jua likapotea na giza likaingia. Jeshi lililokuwa limeshinda vita likaingiwa na hofu, likakimbia na kuwaacha ng'ombe wote. Watu wa Nkore wakawapata bila kupigana. Wanahistoria wengi wanalilinganisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520, na Biharwe pamejengwa mnara wa kumbukumbu. Tuzingatie hapa: hakuna mkuki uliomshinda mfalme yule. Alishindwa na kivuli, kwa sababu hakujua ni kivuli.

MSIBA WA MADINA

Karibu miaka 900 kabla ya hapo, mwaka wa 10 Hijria, Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto mdogo aliyekuwa bado ananyonya. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakaanza kusema kuwa jua limeingia giza kwa ajili ya msiba huo.

Ndugu zangu, hebu fikirini. Kiongozi anayetaka kutukuzwa angenyamaza tu, na uvumi ule ungemwongezea heshima. Mtume (s.a.w.), naye yumo katika huzuni ya mzazi, hakunyamaza. Aliswalisha watu swala ndefu, kisha akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah (s.w.t.), wala havipatwi kwa ajili ya kufa au kuishi kwa mtu yeyote. Wakiona jambo hilo, waswali na waombe dua mpaka liondoke. Ndiyo asili ya Swalatul Kusuuf tunayoiswali hadi leo, rakaa mbili, kila rakaa ina rukuu mbili.

Wataalamu wa falaki wanaitaja siku hiyo kuwa 27 Januari 632, nayo inaangukia mwishoni mwa Shawwal. Kuna mapokezi ya Al-Waqidi yanayosema Ibrahim alifariki tarehe 10 ya mwezi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliyakataa, akaeleza kuwa jua halipatwi ila mwezi wa Kiislamu unapomalizika. Mwanachuoni alitumia hesabu ya anga kusahihisha tarehe, na dini yake haikupungua kitu.

KWA NINI MWISHO WA MWEZI?

Jaribuni nyumbani usiku. Wekeni taa moja mezani, mtoto ashike chungwa kwa mkono ulionyooka, azunguke polepole. Kichwa chake ni dunia, chungwa ni mwezi, taa ni jua. Chungwa likiwa upande wa taa, upande unaomtazama mtoto ni giza: huo ni mwisho wa mwezi. Akigeuka kidogo ataona ukingo mwembamba unang'aa, ndiyo hilali. Akiipa taa mgongo na kuliinua chungwa juu kidogo ya kichwa, ataliona lote linang'aa, ndiyo mwezi mpevu wa masiku meupe.

Sasa, ili jua lizibwe, mwezi lazima uwe katikati ya jua na dunia. Hilo linawezekana mwisho wa mwezi tu. Ili mwezi upatwe, lazima uingie katika kivuli cha dunia, nalo linawezekana katikati ya mwezi tu. Haitokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5, hivyo mara nyingi kivuli hupita juu au chini.

Hakikisheni wenyewe. Mwaka 2013 siku ya Arafa ilikuwa 14 Oktoba, yaani 9 Dhulhija. Hesabuni mpaka 3 Novemba, mtapata 29 Dhulhija. Na mwezi uliopatwa wote usiku wa 7 Septemba 2025, kuanzia kama saa 2 na nusu, ulikuwa katikati ya Rabiul Awwal.

MISIMU NA RAMADHANI

Misimu haitokani na mwezi. Inatokana na dunia kuinama nyuzi 23 na nusu inapolizunguka jua. Jinja iko kama kilomita 50 tu kaskazini ya ikweta, na Mbale kama kilomita 120, kwa hiyo mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima. Jua linapotupitia utosini mwezi Machi na Septemba, mvua hufuata. Mkulima wa kahawa wa Mlima Elgon anafuata jua.

Miezi yetu ya ibada inafuata mwezi, nao mwaka wake una siku 354, pungufu kwa siku kama 11. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Kabaka Mutesa I alipofunga Ramadhani yake ya kwanza mwaka 1867, aliingia katika hesabu hiyo hiyo.

TUJIANDAE

Tarehe 2 Agosti 2027, mwishoni mwa Safar 1449, jua litapatwa lote Makka kwa kama dakika 5. Uganda litapatwa sehemu tu. Wazazi, msiwaache watoto walitazame jua kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida, kwani linaunguza jicho bila maumivu. Toboeni tundu dogo kwenye karatasi ngumu, mwanga upite uangukie chini, mtaiona sura ya jua hapo. Kisha twende msikitini.

Olimi aliona giza akakimbia. Sisi tumefundishwa kusimama na kuswali. Tuwafundishe watoto wetu yote mawili, hesabu ya kivuli na swala yake, ili wasije wakatishwa na jambo ambalo Mtume (s.a.w.) alikwisha tueleza.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.