Fumo Liyongo na Usambaaji wa Sifa katika Delta ya Mto Tana

Siku hizi kijana wa Garsen aweza kufoka mbele ya simu yake jioni, na wimbo wake ukasikika Mombasa kabla watu hawajalala. Wengi husema kwamba umaarufu wa namna hii ni jambo geni lililoletwa na mitambo. Makala haya hayaafikiani na rai hiyo. Ukifuata Mto Tana kutoka Garsen hadi karibu na bahari, penye Ozi na Kipini, unaingia nchi ya Fumo Liyongo, mtu ambaye sifa zake zilienea pwani nzima kwa vinywa vya watu tu. Swali letu ni nani aliyezieneza.

Juu ya wakati alioishi, wataalamu hawajapatana: wako wanaomrudisha nyuma hadi karne ya 13 na hata kabla yake, na wako wanaomsogeza karibu na karne ya 17. Hapa si pahali pa kuutatua mgogoro huo. Itoshe kusema kwamba Waswahili na Wapokomo, kila mmoja kwa upande wake, humsimulia kama mtu wao.

Shuleni Liyongo hufundishwa kama shujaa wa nguvu na mishale. Lakini tukiusoma tena utendi uliotungwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, twaona kwamba jina lilitangulia kufika kuliko mwenyewe. Wagala waliokuja Pate kwa biashara walisikia habari zake kabla ya kumwona, wakataka aletwe wamtazame. Na walipomwona wakataka mbegu yake, wakamwoza binti yao. Hapo ndipo mtawala wa Pate alipoanza kuhofia kiti chake. Kwa maoni yetu, alichokihofia zaidi ni mazungumzo ya watu kuliko upinde wa Liyongo, kwani mazungumzo hayafungwi minyororo.

Liyongo mwenyewe alifungwa. Gerezani alimwimbia mjakazi Saada wimbo ampelekee mama yake: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi walikuwa na masikio kama Saada, ila hawakuelewa walichosikia. Chakula kizuri walikila wao, na mkate wa makapi wakamwachia mfungwa. Kisha, alipoulizwa haja yake ya mwisho kabla ya kuuawa, aliomba ngoma ya gungu na mwao. Mji mzima ukakusanyika kwa vishindo na matoazi, naye chini ya kelele hizo akaikata minyororo. Wasikilizaji wake ndio waliomfungua, pasipo wao kujua.

Saada hajapewa haki yake katika uhakiki wetu. Hutajwa kama chombo tu, kana kwamba wimbo ulijipeleka wenyewe. Mtu wa tabaka la chini kabisa, aliyeweza kupita langoni kwa sababu hakuna aliyemdhania kuwa na akili, ndiye aliyelihifadhi neno na kulifikisha bila kulipotosha. Bila yeye Liyongo angekufa gerezani.

Baadaye walikuja wabebaji wa namna nyingine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyachukua maneno yanayonasibishwa na Liyongo akayatungia takhmisi, yaani akayaongezea mishororo yake hata ubeti ukatimia mitano. Vijana wanaofoka leo juu ya sauti ya mwenzao wanaendeleza kazi ile ile, ingawa sidhani wangependa kuambiwa hivyo na mwalimu. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alichapisha London hadithi ya Liyongo katika kitabu cha ngano alizosimuliwa Unguja. Kijuma naye alifuata.

Si kila kilichotoka mtoni kilibahatika kusafiri pamoja na maneno yake. Wimbo wa Taifa wa Kenya wa mwaka 1963 umejengwa juu ya sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Nchi nzima huisimamia sauti hiyo kwa heshima, lakini maneno ya Kipokomo yalibaki Tana, na mama aliyeyatunga kwanza hana jina. Liyongo alikuwa na Saada. Wimbo ule ulichukuliwa na kamati.

Mwisho wa Liyongo wafahamika. Mwanawe, aliyedanganywa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mtawala, alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo aliamka, akaenda hadi penye kisima, akapiga goti na kuuvuta upinde, akafa hali hiyo. Watu hawakuthubutu kuteka maji. Mama yake aliletwa amwimbie apoe, akaimba, naye hakugeuka. Na kwa siku kadhaa mji ulikaa na kiu kwa kumwogopa maiti, mpaka mwili ulipoanguka wenyewe.