Dola Mbili za Mississippi

Siku ya kwanza kununua chakula hapa Hattiesburg, Mississippi, nilipiga hesabu kichwani kama nilivyozoea Dar: mchele, mayai, kuku, mafuta, matunda. Dola 40 kamili, na mfukoni nilikuwa na 40 zile zile. Nafika kwa keshia, mashine inasema 42. Nikajua naibiwa! Dada wa watu akanionyesha mstari wa chini kwenye risiti: kodi ya mauzo, asilimia 5. Nikarudisha mafuta.

Nyumbani VAT, iliyoanza mwaka 1998, imo ndani ya bei uliyoiona dukani, na mchele wa kawaida hautozwi. Huku bei ya kwenye rafu ni moja na ya kulipa ni nyingine. Uandishi ukanipanda, nikaingia maktaba.

Kumbe kodi hii ni mtoto wa njaa. Januari 1932 Gavana Martin Sennett Conner aliingia madarakani akakuta hazina ya jimbo ina dola 1,326 tu. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka, wenye ardhi hawawezi kulipa kodi, mashamba yanapigwa mnada. Conner akaja na kodi ya asilimia 2 kwa bidhaa madukani. Wenye maduka walipinga kwa nguvu zote, lakini Mei mwaka huo ikaanza. Baadaye jimbo lilitoa hadi visarafu vya sehemu ya kumi ya senti, ili hata mwenye kununua kidogo naye alipe kamili.

Dhiki ikapita, kodi ikabaki. Mwaka 1992 ilifika asilimia 7, chakula kikiwemo. Ni Julai 2025 tu ndipo ya chakula iliposhushwa hadi 5. Wanaonunua kwa msaada wa chakula wa serikali kuu hawatozwi, ila aliyekosa msaada huo kwa tofauti ndogo ya kipato anatozwa sawasawa na tajiri.

Kilichoniuma zaidi ni kingine. Katiba ya Mississippi ya mwaka 1890 iliweka kodi ya kichwa ya dola 2: hujalipa, hupigi kura. Kodi hiyo, pamoja na mtihani wa kusoma, iliwafungia nje karibu Weusi wote. Lakini mwaka 1932 hakuna aliyewazuia kulipa kodi ya unga. Waliilipa kila waliponunua, bila kumchagua Conner wala wabunge walioipitisha.

Mimi nalipa dola 2 zangu na sipigi kura hapa, sawa, ni mgeni, nitarudi kwetu. Wale walikuwa kwao.

Tena keshia wa huku angalau alinionyesha ninacholipa. Wadau, kwenye kipande cha sabuni ulichonunua jana, unajua kodi yako ilikuwa shilingi ngapi? Na uliyempigia kura, umewahi kumuuliza imekwenda wapi?