Roboti shirikishi na vifaa vya kazi kwa kijana mwenye ulemavu

Roboti shirikishi ni nini?

Ni mashine yenye mkono unaoongozwa na kompyuta, inayofanya kazi pamoja na mtu. Roboti nyingi za viwandani huzungushiwa uzio kwa sababu zinaweza kumuumiza mtu. Roboti shirikishi husimama zikimgusa mtu. Kampuni ya Universal Robots ya Denmark iliuza ya kwanza mwaka 2008.

Inamsaidiaje mwenye ulemavu?

Hufanya ile sehemu ya kazi ambayo mwili hauwezi. Roboti hushika kifaa, na mfanyakazi mwenye mkono mmoja anakaza skrubu. Roboti nyingine huendeshwa kwa mbali: Tokyo, Japani, kuna mgahawa uliofunguliwa mwaka 2021 ambapo watu wasioweza kutoka kitandani huendesha roboti wakiwa nyumbani na kuhudumia wateja.

Je, tusubiri roboti?

Hapana. Bei yake ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Ila wazo lake linafaa hata Moshi: kazi irekebishwe imfae mtu. Mama wengi huniuliza, "Huyu atafanya kazi gani?" Anza na kazi anayoipenda, kisha tafuta hatua moja inayomshinda:

- Miguu haina nguvu, anataka kushona. Cherehani ifungwe mota, pedali iwekwe mezani aibonyeze kwa kiwiko.
- Mkono mmoja ni dhaifu, anataka kutengeneza redio. Jiliwa lililofungwa mezani litamshikia.
- Anatumia kiti cha magurudumu. Meza iinuliwe mpaka magoti yaingie chini yake.

Nianzie wapi?

Nenda idara ya fiziotherapia ya hospitali iliyo karibu nawe. Katika eneo la KCMC, Moshi, kipo chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi. Waeleze njia ya nyumbani ilivyo. Kama unaishi Kibosho, Machame au Marangu, taja mteremko, mawe na tope la masika. Kiti chenye magurudumu madogo mbele hutembea vizuri kwenye sakafu ya hospitali, lakini hukwama kwenye njia za vihambani. Kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa mbali na miguu, hupita vizuri zaidi. Mtoto akikua, mrudishe apimwe upya.

Jihadhari na vidonda vya mgandamizo

Kijana anayekaa kutwa akifanya kazi, hasa asiyehisi maumivu miguuni au makalioni, anaweza kupata kidonda bila kujua. Kidonda hicho kinaweza kuingia mpaka kwenye mfupa na kuhatarisha maisha.

- Kila nusu saa ajiinue kwa mikono au aegemee upande mmoja, kisha mwingine.
- Akalie mto aliopimiwa.
- Kila jioni kagua makalio, nyonga na visigino.
- Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu kirahisi. Angalia sehemu iliyozidi weusi, yenye joto au iliyokuwa ngumu. Ikiwa haijarudi kawaida nusu saa baada ya kuacha kuikalia, asiikalie tena, na umpeleke kituo cha afya.

Haki yake ya kazi

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Pia halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Mkopo huo unaweza kununua cherehani na mota yake.

Mpeleke kijana wako akapimwe hata kama amekaa nyumbani miaka mingi. Bado hajachelewa.