Jenereta Mbali, Maikrofoni Karibu

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo, zikiwemo za Wahaya na Wasukuma wa huku kwetu Kanda ya Ziwa. Umeme wake ulitoka kwenye jenereta. Aliiweka mbali, akavuta waya mrefu ili muungurumo usiingie, halafu maikrofoni akaishika mwenyewe mkononi, karibu na mwimbaji.

Nilimkumbuka juzi, nikijiandaa kumrekodi bibi akisimulia hadithi kwa Kisukuma, hapa nyumbani Mwanza. Babu aliondoka bila kurekodiwa, na sauti yake siikumbuki tena.

Laptopu ninayo. Audacity ni ya bure, ipo tangu 2000. Kilichonisumbua ni maikrofoni. Nilianza na kondensa ya kuazima, ile inayotaka volti 48 kutoka kwenye saundikadi. Ikanasa kila kitu: bodaboda, kunguru, mvua kwenye bati. Bibi akawa nyuma ya vyote. Basi nikachukua dainamiki ya bei nafuu, isiyonasa sana vya mbali, nikaisogeza mdomoni kwake na kuzima feni.

"Mjukuu wangu, nikile hiki?" akauliza. Swali hilo nimeliacha kwenye rekodi.

Rekodi za Tracey leo zinatunzwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Ni mbali na ziwa. Za bibi nimeziweka sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye flashi, na kwa shangazi. Jumamosi tunaendelea, mvua ikituruhusu.