Nyota, aina zake na majina yake kwa Kiswahili

Katika mtaa wa Weston, kaskazini-magharibi mwa jiji la Toronto nchini Kanada, taa za jiji huufifiza usiku kiasi kwamba hata anga lisilo na wingu huonyesha nyota chache tu.

Miongoni mwa hizo chache imo moja ambayo mhamiaji kutoka Mombasa au Unguja ana jina lake katika lugha yake, lakini hakupata kuiona akiwa nyumbani.

Hiyo ni nyota ya jaa, iitwayo pia Kutubu, inayoonyesha upande wa kaskazini.

Weston iko takriban nyuzi 44 kaskazini mwa ikweta, na huko jaa husimama karibu katikati ya upeo wa macho na utosi wa anga. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, hivyo nyota hiyo hubaki chini ya upeo wa macho usiku kucha.

Nyota za mabaharia na wakulima

Jina hilo ni urithi wa bahari. Manahodha wa majahazi yaliyosafiri baina ya Afrika Mashariki na Arabuni waliiona jaa ikiinuka kadiri walivyokwenda kaskazini, na katika lugha ya mabaharia neno hilo likawa na maana ya upande wenyewe.

Upande wa kusini waliutambua kwa Suheli, nyota ya pili kwa mng'ao katika anga la usiku. Nyota hiyo haichomozi kamwe katika anga la Toronto. Kwa hiyo anayehamia Weston huipata jaa na kuipoteza Suheli.

Kilimia hakimpotei. Ni fungu la nyota changa za buluu ambalo huonekana kotekote, Weston na pwani. Jina lake linatokana na kitenzi kulima, na wahenga walitumia kuzama na kuzuka kwake kubashiri mvua na jua. Wazulu na Waxhosa nao huliita isiLimela, kutokana na mzizi huohuo.

Rangi na ukubwa

Majina hayo ya kale hueleza kazi ya nyota kwa binadamu. Wanasayansi, kwa upande wao, huzigawa nyota kwa joto, ukubwa na umri wake.

Rangi ndiyo dalili ya joto. Nyota nyekundu huwa na nyuzijoto zipatazo 3,000 za Selsiasi katika uso wake, Jua lina takriban 5,500, na nyota za buluu huzidi 10,000.

Nyota zilizo nyingi zaidi ni vibete vyekundu, ambavyo ni vidogo na hafifu mno hata hakuna kimoja kinachoonekana kwa macho matupu. Jua nalo huhesabiwa kuwa kibete, ingawa cha rangi ya njano.

Nyota kama Jua inapoishiwa na haidrojeni katika kiini chake, huvimba na kuwa jitu jekundu. Mfano wake ni Dabarani. Hatimaye hupukutisha tabaka zake za nje, na kinachosalia ni kibete cheupe, chenye ukubwa unaokaribia wa Dunia.

Nyota kubwa zaidi hulipuka, na mlipuko huo huitwa supanova. Mabaki yake huwa nyota ya nyutroni au, kiini kikiwa kizito mno, shimo jeusi, ambalo hata nuru haiwezi kutoka ndani yake.

Uhuru angani

Ushahidi wa mapema wa shimo jeusi unaziunganisha pwani ya Kenya na viunga vya Toronto.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza eksrei za angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru iligundua kwamba eksrei kutoka chanzo kiitwacho Cygnus X-1, katika kundinyota la Dajaja, zilipandashuka kwa kasi kubwa mno. Hiyo ilikuwa dalili ya kitu kidogo sana.

Mwaka 1972 mwanafalaki Tom Bolton, akitumia darubini ya David Dunlap huko Richmond Hill, kaskazini mwa Toronto, alipima mwendo wa jitu kuu la buluu lililoko mahali hapo. Alibaini kwamba nyota hiyo huzunguka kila baada ya siku 5.6 pamoja na mwenzi asiyeonekana, mzito kupita nyota ya nyutroni. Louise Webster na Paul Murdin walifikia matokeo kama hayo nchini Uingereza wakati uleule.

Maneno yanayochanganya

Si kila kinachoitwa nyota ni nyota. Nyota ya alfajiri ni Zuhura, nayo ni sayari, isiyo na nuru yake yenyewe. Kimondo ni jiwe linalowaka likiingia angani. Kimoja kilichofika ardhini kipo Mbozi, mkoani Songwe, Tanzania, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16.

Sarufi nayo hutofautisha: nyota ya angani, lakini nyota wa soka. Unajimu kwa kawaida ni utabiri wa bahati za watu, ilhali falaki ni elimu ya nyota zenyewe.

Katika jioni za majira ya joto, Dajaja hupita karibu na utosi wa anga la Weston. Lile jitu la buluu halionekani bila darubini, na kazi ya setilaiti yenyewe ilikoma mwaka 1973.

Hata hivyo, vyanzo kadhaa vya eksrei vingali vikiandikwa na wanafalaki duniani kote kwa alama 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru.